Sweta la Mrisho

Shoga yangu Mwanaharusi, weka mwiko chini usome!

Mama mkwe kaniuliza mbona siku hizi sionekani. Unayajua masikio yake. Nikamjibu, "Mama, nimemfumia Mrisho." Sweta, shoga! La safari zake za lori, maana mume wangu kaniambia eti Msata kuna baridi.

Yeye kasikia nimemfumania!

Akashika kichwa. "Yarabi! Tangu mfungo mosi namwambia amwache yule wa Msata!"

Yule wa Msata! Tangu mfungo mosi!

Na mimi miezi miwili nafuma katika joto hili la Bagamoyo, uzi wenyewe nimeupangia foleni duka la ushirika.

Sasa nalifumua. Mkono mmoja umeshakwisha. Huyo wa Msata amfumie mwenyewe.