Wametoa plasta ya Rodah

Dorcus! Uko? Wametoa plasta ya Rodah!

Na kisu ya jikoni. KISU, Dorcus. Mama mkwe wake mwenyewe.

Si unajua aliteleza akichuma majani chai, akavunja mifupa yote miwili ya mkono, hapa chini ya kiwiko? Daktari alimwambia hiyo plasta isiguswe. Sasa mama anasema mkono haufungiwi ndani ya simiti, unakandwa na mafuta ya ng'ombe.

Akakanda. Pale pale palipovunjika! Rodah akalia mpaka sauti ikaisha. Angekataa aje, na huyo mama ndiye anampikia na kumwoshea watoto?

Vidole vimegeuka bluu.

Mama akamuuliza kama anasikia nafuu.

"Ndiyo, mama," Rodah akamjibu. "Uchungu umeisha. Hata vidole sivisikii."