Pikapu Inayokataa Gia ya Nne

Kambi ya Juu, Wyoming
20 Agosti 2003

Kwako Mjomba Verlin,

Salamu kutoka huku milimani. Mimi mzima, farasi wazima, ila mikono imechubuliwa na senyenge. Goti lako linasemaje? Mama anadai umeacha chumvi. Ni kweli au umemdanganya?

Simu haishiki huku, na barua huchukuliwa Jumatano na Jumamosi tu, kwa hiyo nijibu haraka. Ile pikapu ya dizeli uliyonipa masika inaumwa. Ikifika maili arobaini na tano kwa saa inaingia ovadraivu, ile gia ya nne, halafu inatoka, inaingia tena, inatoka tena, kama mgeni asiyejua akae au aage. Nikizima swichi ya ovadraivu ikabaki gia ya tatu, inatulia kabisa. Fundi wa mjini aliiendesha dakika tano akasema giaboksi imekufa, ishushwe yote.

Bi Maxine, mwenye ranchi, amesikia. Akaniambia, "Tarehe tisa Oktoba ndama wanakwenda mnadani Crawford. Gari lako likiaminika, utavuta trela wewe, na kazi ya majira ya baridi ni yako. Lisipoaminika, jirani yangu Rusty ataleta lake."

"Na mimi?"

"Utapanda na Rusty, umfungulie mageti."

Nikamwambia naweza kuvuta kwa gia ya tatu. Akasema ndama wake hawavutwi na marehemu. Mjomba, nifanyeje?

Mpwa wako,
Kendra


Crawford, Nebraska
27 Agosti 2003

Mpwa wangu Kendra,

Nimeipokea barua yako nikiwa mzima, namshukuru Mungu. Goti ni zima kiasi cha kumpiga teke huyo fundi wako. Chumvi nimeiacha mezani. Ya mfukoni mama yako haijui.

Sasa sikiliza, maana unaongea na mtu aliyeacha shule darasa la nane baada ya mwalimu kuishiwa. Mwaka wa sabini na nne nilitoka Cheyenne hadi nyumbani kwa gia ya kurudi nyuma, maili mia na sitini, shingo imegeuka hivi, na polisi wa njiani akanipungia mkono akidhani naondoka kumbe nakuja. Giaboksi naijua.

Usimruhusu mtu aishushe. Kwanza washa injini, weka gia huru, uchomoe kijiti cha mafuta ya giaboksi. Angalia rangi, kisha nusa. Yakiwa meusi na yananuka kama mkate ulioungua, fundi amesema kweli. Yakiwa mekundu, ugonjwa uko kwingine, pengine kwenye umeme, maana siku hizi kikompyuta ndicho kinachoamua gia, dereva anashika usukani tu asikae bure.

Gari lenyewe ni zima. Nguzo ya kufungia trela hapo nyuma niliichomelea kwa mkono wangu mwezi wa Aprili, na kahawa yangu haikuwahi kupoa. Duane, yule mwenzangu wa mkahawani, alikuja kutazama akakosa la kusema, na Duane hakosi la kusema hata kwenye mazishi.

Mwambie Bi Maxine wewe ni wa ukoo wa Verlin Hruska.

Mjomba wako


Kambi ya Juu
13 Septemba 2003

Kwako Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na chumvi yako. Huku theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana.

Nilimwambia Bi Maxine mimi ni wa ukoo wako. Akasema, "Pole."

Mafuta ni mekundu kama juisi ya cheri, hayanuki. Nikafuata umeme kama ulivyosema. Nimesafisha nyaya zote za arthi, zile zinazorudisha umeme kwenye betri. Haikusaidia. Nikaazima mita ya kupimia umeme kwa mzee anayetengeneza pampu za maji. Halafu nikakumbuka kwamba dizeli hii ya zamani ikishawaka haihitaji altaneta, ile inayochaji betri, ili iendelee kutembea. Nikachomoa plagi ya altaneta, nikaendesha kwa betri peke yake maili ishirini. Mjomba, iliingia gia ya nne ikakaa. Nilirudisha plagi, ikaanza tena wazimu wake. Nikachomoa, ikatulia. Nilirudia mara tatu ili nisijidanganye.

Kwa hiyo altaneta inapeleka umeme mchafu, unaotetemeka, na kompyuta inadhani mguu wangu ndio unaotetemeka juu ya pedali. Mita nayo imesema hivyohivyo. Giaboksi haina kosa.

Nilimweleza Bi Maxine. Akasema, "Nataka kujua kilichoiharibu. Ukibadilisha bila kujua, itaharibika tena katikati ya kilima na ndama wangu nyuma." Mzee wa pampu akaniuliza kama kuna mtu aliyechomelea chuma kwenye gari hili bila kutoa nyaya za betri, maana hilo ndilo huunguza altaneta.

Mjomba, ulizitoa?

Mpwa wako,
Kendra


Kambi ya Juu
27 Septemba 2003

Kwako Mjomba Verlin,

Hujambo? Jumatano mbili na Jumamosi mbili nimesimama kwenye sanduku la barua. Nimempigia mama kutoka mjini, anasema u mzima na unakula, basi si ugonjwa.

Sijakuuliza ili nikucheke. Rusty ameshaleta trela lake, ameliegesha mbele ya dirisha langu. Bi Maxine anataka jibu, na jibu unalo wewe peke yako.

Mpwa wako,
Kendra


Crawford
30 Septemba 2003

Mpwa wangu,

Sijambo. Nisamehe kwa kimya.

Nilitoa waya wa betri moja. Pikapu ile ina betri mbili. Nilijua zipo mbili. Ya pili iko upande wa abiria, Duane alikuwa ameiegemea akinitazama, nami sikutaka kumwomba asogee, angedhani sijui kazi. Basi nikachomelea.

Basi la leo linakuletea altaneta mpya. Karatasi iliyomo humu mpe Bi Maxine. Nimeandika hayohayo, nimetia sahihi, na sikuongeza chochote.

Mjomba wako


Crawford
10 Oktoba 2003

Mpwa wangu Kendra,

Salamu. Barua hii nakuachia kwa mama yako. Mimi ni mzima kuliko jana, na jana nilikuwa mzima kuliko mwaka mzima.

Jana nilisimama kwenye kile kilima kabla ya mji tangu asubuhi. Nilikusikia kabla ya kukuona. Ulipanda kwa gia ya tatu, swichi imezimwa, kama anavyovuta mtu mwenye akili, na ulipofika juu barabara ikanyooka, nikasikia injini inashusha sauti, gia ya nne imeingia. Nikahesabu hadi sitini. Haikutoka. Kwenye mnada ukalirudisha trela nyuma hadi getini kwa mkupuo mmoja, na Rusty ndiye aliyekushikia geti. Sikuja kukusalimia. Ulikuwa kazini, na macho yangu yalikuwa na vumbi.

Nikaingia mkahawani. Duane na wenzake walikuwa mezani. Nikawaambia, "Yule ni mpwa wangu. Fundi alisema giaboksi imekufa, mtoto akakataa, akaitafuta hatua kwa hatua, akagundua altaneta imeunguzwa na mimi hapa, Verlin, nilipochomelea bila kutoa betri ya pili."

Wakacheka hadi Duane akamwaga kahawa. "Verlin," akasema, "umetuletea uongo mwingi, lakini huu wa leo umepita wote. Wewe ukosee?"

Nikaapa. Wakazidi kucheka. Miaka yote nawaambia nimetoka Cheyenne kinyumenyume, wananinunulia kahawa. Jana nimesema kweli, nimejilipia.

Bi Maxine amempigia mama yako kwamba majira ya baridi unabaki kwake. Basi Jumapili, kabla hujapanda mlimani, pitia mkahawani. Nimewaambia kiti changu cha dirishani utakaa wewe. Waeleze pole kwa pole, kama ulivyonieleza mimi, na ukifika kwenye sehemu yangu usinionee huruma.

Mjomba wako,
Verlin