Matairi ya Kupita Juu ya Vifuu

Utange, Kisauni

Kwa kakangu mpenzi Mahfudh,

Shikamoo, na assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta salama huko Kisumu, wewe, Wifi Wardah na watoto. Sisi hapa tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Moyo wangu ndio haujatulia. Utashangaa kwa nini sikukupigia simu. Katika nyumba hii Mama husikia hata mjusi akitambaa ukutani, na haya sitaki ayasikie.

Uliniuliza nimefikia wapi na matairi ya gari langu la umeme, ukanishauri nichukue yale laini yenye sponji ndani, ili gari liende kimya na chaji idumu. Griffin, muuza matairi wa Changamwe, alinishauri vivyo hivyo. Alisema gari hili lina uzito wa betri, kwa hivyo matairi ya mtumba nisiyasogelee hata nikipewa bure. Nisome kwanza alama ya uzito ubavuni, sura baadaye. Akanionyesha aina mbili zinazoubeba uzito huo: hayo uliyonisifia, na mengine magumu, yenye mbavu nene, yanayovuma barabarani na kumaliza chaji upesi. Haya ya pili, alisema, ni ya watu wa machimboni, si ya madam kama mimi. Nikamwuliza ni nani aliyempa kazi ya kunichagulia njia. Akacheka, akasema kumbe umeme wote hauko kwenye betri.

Hata hivyo nilitoka pale nimekata shauri la yale laini. Unanijua: nimeandika magazetini miaka na miaka kupinga vipaza sauti na moshi wa malori. Gari hili nililipenda kwa ukimya wake.

Kilichoyachana matairi ya zamani ni vifuu. Tangu Ramadhani kuna mtu alikuwa akimwaga vifuu vya nazi langoni petu, na gari zito likivipanda huvunjika vikawa wembe. Nikamvamia Mwende, mpangaji wa nyumba ya pili, nikamhutubia habari za usafi mbele ya watu. Alinisikiliza mikono kiunoni, kisha akaniuliza tangu lini mtu anayepikia mafuta ya chupa akawa na vifuu, naye nazi hata kuikuna hajui. Akaniambia nikanuse jikoni kwetu kabla ya kunusa kwa watu. Walicheka wote. Sikwenda kunusa. Nilishika ufagio, nikavizoa vyote, nikavichoma.

Ijumaa nikaingia langoni polepole, nikibishana na mtu wa redioni. Mama alikuwa katikati ya njia, amenipa mgongo, anapapasa akiutafuta ukuta. Nilikanyaga breki, bampa iligusa upindo wa buibui lake. Nilishuka, nikasimama mbele ya uso wake. Akaniuliza kwa upole kama ni mimi. Mchana kweupe, Kaka, aliniuliza kama ni mimi.

Mama haoni. Macho yalianza kufunga ukungu mwaka jana, na sasa ni kivuli tu. Njia nzima anaitambua kwa masikio: gari la jirani yetu Abdillahi kwa injini yake, Mwende kwa ndara zake. Gari langu tu ndilo huja kama paka. Lilikuwa na mlio wa kuwaonya wapita njia, nami niliutoa kwa fundi wiki ile ile nilipolinunua, nikijisifu. Ndiyo maana akawa anamwaga vifuu, asikie nikija, ajitoe njiani. Akaniambia, bila hasira, kwamba nimemfagilia masikio yake. Na sisi tulikuwa tukijivunia kwamba Mama ana masikio makali! Mimi ninayejua makosa ya kila waziri sikujua kwamba mamangu haoni.

Ameniapisha nisikwambie. Anaogopa ukijua utamhamishia kwako, ghorofa ya nne, mahali asipojua mlango wa nani uko wapi. Niliapa, na sasa naandika; kafara ya kiapo nitaitoa. Tangu siku ile sijaugusa usukani. Naogopa kuvunja siri yake, na naogopa zaidi kunyamaza, kwa sababu barabarani yako magari mengine, na wenyewe hawana habari. Kwa daktari wa macho hataki kusikia. Anasema kisu jichoni hapana. Labda kwako atakubali, maana wewe hujawahi kumfokea. Njoo, Kaka. Ila usije na sanduku la kumpakilia nguo.

Kesho, inshallah, nitalipeleka gari kwa Griffin kwa mwendo wa jongoo, nichukue yale magumu ya mbavu nene, na ule mlio urudishwe. Chaji na iishe mapema. Leo asubuhi nimekuna nazi za wali, vifuu nikavipeleka langoni mwenyewe. Mama alikuwa barazani. Alitega sikio, akaendelea na tasbihi yake.

Nisalimie Wifi, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Ukifika, usimwambie Mama nimekuandikia, wala usivikwepe vile vifuu. Vikanyage kwa nguvu, ajue kuna mtu anakuja.

Nduguyo mdogo akupendaye,
Ummulkheir