Jumapili Zako za Mosocho

Kwa Mzee Manasseh Mogire, wa Kebirigo

Mwaka umekatika, Baba Ronny, tangu tukulaze pale nyuma ya migomba, na majani chai hayajaisha. Nakwambia mapema kwa sababu najua ndilo swali ungeanza nalo. Tumechuma, tumepalilia, yameota tena. Wewe ulizoea kusema, "Tutapumzika tukimaliza." Sijui nani alikudanganya kwamba majani chai huisha.

Ulikuwa mtu mwema. Naanza hapo, watu wakiisoma kumbukumbu hii wasije wakasema mjane wako hana adabu. Ng'ombe wa jirani akitumbukia shimoni, wewe ndiye uliyefika na kamba. Mtoto wa mtu akikosa viatu vya shule, ulipita kwao kama mtu anayekwenda zake, na asubuhi viatu vikakutwa mlangoni. Vijana waliotaka kujifunza kupogoa chai hukuwafukuza, ingawa uliwaita vinyozi.

Na ulikuwa mchapakazi, hilo halina ubishi. Jogoo wetu ndiye jogoo pekee katika Nyamira yote aliyekuwa akiamshwa na mwenye nyumba. Ugali uliula wima, umeegemea mlango wa jikoni, kofia kichwani. Viti vya nyumba hii havikukujua.

Nasi ulitusukuma. Ronny alipoitwa kuchezea timu ya mpira ya wilaya, ulimwuliza mpira una maziwa mangapi. Mimi nilikuwa kwenye kwaya ya kanisa, na mazoezi yalikuwa Jumapili alasiri. Ukaniuliza, "Mama Ronny, kwaya inaleta nini nyumbani?" Nikaacha kwaya, nikashika jembe, maana Jumamosi, Sabato yetu, ilikuwa ya Bwana na Jumapili ilikuwa ya magugu.

Wewe mwenyewe Jumapili ulikuwa na kikao cha wakulima. Ulitugawia kazi, ukavaa koti la kijivu, ukaenda. Tulikuonea huruma! Hilo koti nililipiga pasi mimi. Nilikufungia na ndizi za kuchemsha usije ukashinda njaa huko. "Pole na vikao," nilikuambia ukirudi jioni. Nawe bila kupepesa macho ukajibu, "Ni kazi tu. Mtu atafanyaje?"

Presha ilipokuangusha katikati ya shamba, tulisema umekufa kwa ajili yetu. Tulisema hivyo mpaka siku ya mazishi, muda wa salamu za marafiki, aliposimama mtu tusiyemjua, mrefu, na tepu ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni.

"Mimi naitwa Ben Odero, fundi wa cherehani pale Mosocho," akasema. "Nimekuja kumzika mwenzangu wa bao. Miaka tisa, kila Jumapili! Na alikuwa mwizi wa kete, jamani, msione amelala kimya hivyo. Ukigeuka kukohoa tu, shimo lako tupu!"

Watu wakacheka. Nikamwinamia Ronny. "Huyu anamzungumzia nani?"

"Labda amekosea matanga, Mama," Ronny akaninong'oneza.

Odero hakuwa amekosea. Alisema ulikuwa ukicheka mpaka mkewe, Akong'o, anatoka jikoni kuja kukushika usidondoke kitini. Miaka yote niliyokaa nawe sikuwahi kukushika kwa ajili ya kicheko. Kisha yule bwana wa watu, ambaye hakujua analolisema, akaongeza:

"Siku moja alikuja na suti nyeusi na ua kifuani! Nikamwuliza, 'Mzee, kwani unaoa?' Akaniambia, 'Weka bao hapa.'"

Hema lote likacheka isipokuwa mstari wa mbele. Binti yako Bochaberi alifunga kitabu chake cha nyimbo, akakiweka kitini, akazunguka nyuma ya nyumba.

Suti hiyo uliivaa mara moja tu, Baba Ronny. Ni siku uliyomshika Bochaberi mkono ukamkabidhi kwa mumewe, kisha kabla keki haijakatwa ukaninong'oneza kwamba kuna kikao cha haraka cha bei ya chai. Mshereheshaji aliita, "Baba wa bibi harusi aje alishwe keki!" Akaita tena. Mwishowe kipande chako alilishwa ndugu yako, ambaye hata sukari kwenye chai haweki. Bochaberi akawaambia wakwe zake kwa maringo, "Mnisamehee baba yangu. Hata leo anatutafutia."

Tangu mazishi hajakanyaga hapa. Simu ananipigia, dawa za goti ananitumia, lakini nikitaja nyumbani anasema, "Mama, usinipeleke kwenye hilo kaburi."

Mimi nilikwenda Mosocho. Nilitaka kuona kwa macho yangu hicho kikao cha wakulima. Akong'o akanikaribisha kama ndugu, akanivutia kiti. "Keti, Mama Ronny. Hiki ndicho chake." Kilikuwa na mto! Mto umeshonwa vizuri, una maua. Wewe wa kula ugali wima ulikuwa na mto Mosocho!

Kwanza nilicheka, unavyonijua. Machozi yakafuata.

Akong'o akanishika bega. "Dada, ile siku ya suti bao aliliomba tu, hakucheza hata kete moja. Alikaa hapo akilia. Alisema akibaki kule atalia mbele ya wakwe."

"Angelia tu," nikamwambia. "Kwetu leso zilikuwepo."

Ingekuwa ni mwanamke ningejua la kufanya, mwiko ninao. Lakini mtu utampigaje kwa kosa la kucheka? Sikulaumu kwa bao. Mtu akifanya kazi mpaka asahau kucheka, hiyo kazi imemla, na mwenye kupanda juu lazima awe na pa kushuka. Ninachokulaumu ni kwamba hayo yote uliyajua. Ulijua, ukajiwekea dawa yako Mosocho, sisi ukatuachia jembe. Ungeniambia, omogaka, mzee wangu, ningekuja na ndizi zangu nikae pembeni nikutazame ukiiba kete. Sikutaka zaidi ya hapo.

Ronny sasa ana ng'ombe wa maziwa na mahindi kule Nyansiongo. Anapanda juu, tunamshukuru Mungu. Lakini juzi alikuja, akala ameegemea ule ule mlango, simu sikioni. "Keti, mwanangu." "Nitakaa nikimaliza, Mama." Nikamshika mabega nikamkalisha kama mtoto wa chekechea. "Baba yako alikaa," nikamwambia, "ila si hapa."

Ndipo nikampigia Bochaberi, nikamwambia mwaka unatimia na sitaki hotuba.

"Keki itakuwepo?" akauliza.

"Itakuwepo."

"Na hakuna mtu atakayeondoka kabla haijakatwa?"

"Lango nitalifunga mimi mwenyewe. Simu ya Ronny itakaa kwenye kikapu cha majani."

"Basi nitakuja."

Kwa hiyo Jumapili hii, saa nane mchana, magugu yatatusubiri. Ndugu na majirani mnakaribishwa nyumbani Kebirigo. Kwaya itaimba, na mimi nitakuwa ndani yake, mstari wa nyuma kwa sababu ya goti. Odero ataleta bao. Akong'o ataleta kiti chako na mto wake, tutakiweka karibu na meza ya keki. Kipande chako kipo. Bochaberi ataamua mwenyewe amlishe nani, au akiache kwenye sahani. Mimi sitamwuliza.

Tunaokukumbuka ni mkeo Lorna, wanao, Ronny na Bochaberi, mkweo, wajukuu wako, ndugu zako wote, pamoja na Ben Odero na Akong'o wa Mosocho, ambao tumewaingiza kwenye familia kwa sababu Jumapili zetu wanazo wao.

Kukusahau hatuwezi, Baba Ronny. Tulijaribu kidogo, tukashindwa.