Tabibu wa Daraja la Kwanza

Ng'ambo, Mjini
Ijumaa, baada ya sala

Kwa dada yangu Kidawa,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Ubwa na watoto, na kifua chako kiwe kimepoa. Juzi kwenye simu ulikohoa kabla hujasema neno, nikajua bado unakaa kwenye moshi wa kukaangia samaki kutwa nzima. Ile asali niliyokuletea unakunywa wewe, au anakunywa Ubwa? Nakujua.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Ummy sasa anasema mengi, na kila mwanamke mwenye kanga ya buluu humwita Mama Mkubwa akidhani ni wewe. Wengine huitika. Baba yake, Makungu, bado yuko Pemba kwenye ujenzi, anakusalimu sana.

Utashangaa kuona karatasi badala ya sauti. Dada, simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na Ubwa huiongeza sauti mpaka majirani wa nyuma wananijua hali. Haya nnayotaka kukwambia sitaki yapite masikioni mwa watu. Kwa hiyo nimempa Msabah, kijana anayetuletea vitambaa kazini kwa pikipiki, akuletee mkononi. Mwandiko wangu usiucheke. Unajua nilipoishia shule.

Nianze na la kwanza, ambalo ni dogo, ingawa nalo linanitia haya. Mimi nacheza mchezo. Mama wa mtu, nakaa chini na watu wazima tunarusha dadu. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Si kamari, hakuna hata shilingi mezani, nilihakikisha hilo mwanzo. Pale kwa Bi Bashira, kwenye ile nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe tunakoshona kofia na mikoba, ana ndugu yake Yussuf aliyerudi na mchezo huo kutoka masomoni. Alkhamisi tukishasali alasiri, kazi ikiwa imepungua, tunapanda chumba cha juu. Yeye ndiye msimulizi. Anatuhadithia nchi isiyokuwepo, yenye milima na mapango na majoka, na kila mmoja wetu anakuwa mtu katika hadithi ile. Unasema unataka kufanya nini, unarusha dadu, na dadu inasema umeweza au hukuweza.

Msabah ni mwizi mle ndani, na anaiba hata vya kwetu. Bi Thuwaiba, yule mshonaji mkongwe niliyekuhadithia, asiyepanda ngazi bila kushika ukuta, alijichagulia kuwa jitu la shoka liitwalo Jabali. Alisema magoti yamemchosha, naye anataka kwa saa mbili awe mtu anayekanyaga nchi ikatikisika. Mimi nilichagua tabibu. Wenzangu wakijeruhiwa, mimi ndiye mwenye dawa.

Sasa mchezo huo una madaraja, na hapo ndipo ilipo hadithi yangu. Wote mnaanza daraja la kwanza. Mkivuka hatari, Yussuf anawapa alama kila aliyekuwepo, na alama zako zikifika kiwango, unamwambia kuwa umefika, naye anakupandisha. Ukipanda uhai wako unaongezeka, na tabibu hupata dawa zaidi. Wa daraja la kwanza ana dawa moja tu kwa safari. Wa la pili ana tatu. Wa la tatu anaweza hata kumrudisha aliyekufa. Nilichelewa kuyaelewa hayo, nikawa namuuliza Yussuf kanuni ile ile mpaka Msabah akasema tabibu huyu wetu kwanza atibiwe kichwa. Lakini nilielewa, dada. Nakwambia hivyo ili usidhani nilikosea kwa ujinga.

Bi Thuwaiba magoti yalimkamata, akawa Alkhamisi nyingine anakuja, nyingine haji. Alama zangu zikafika, zake zikabaki nyuma. Nami nikanyamaza. Niliona vipi mimi nipande daraja la pili, na yeye mtu mzima, rika la mama yetu, amekaa la kwanza? Hata mlangoni nampisha atangulie. Kwenye sinia sitii mkono kabla yake. Yussuf akiuliza nani amefika, nasema mimi bado. Moyoni nikajisifu kwamba hii ndiyo adabu uliyonilea nayo.

Wiki iliyopita tukaingia pango la joka. Jabali akatangulia na shoka lake. Joka likampiga, nikampa dawa yangu, akainuka. Likampiga tena. Bi Thuwaiba akanigeukia, anatabasamu, akaninyooshea mkono kweli kweli kama mtu aliyelala chini, akaniomba nyingine. Sikuwa nayo. Jabali akafa.

Yussuf akastaajabu, akasema safari zote zile mimi huwa nakuwepo, imekuwaje nina dawa moja? Nikaona haya kusema uwongo mbele ya maiti, hata maiti wa hadithi. Nikasema nilifika zamani, ila ningemtanguliaje Bi Thuwaiba?

Nilitegemea Bi Thuwaiba atafurahi. Aliweka kikombe chake cha kahawa chini, akanitazama, akanambia mwanangu, umeniheshimu mpaka umenizika.

Msabah alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nilijitia kucheka. Lakini nilipokwenda kumchukua Ummy kwa jirani, nikampakata, nikaona machozi yananitoka. Hapana, dada, sikulia kwa ajili ya jitu la hadithi. Maneno yale yalinigusa kwa jambo jingine, na hilo ndilo la pili, ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Unakumbuka ulivyonambia nikusikilizie kazi ya sindano, hata ya kidogo, upate kutoka kwenye moshi? Nami kila ukiuliza nakujibu huku kwetu hakuna jipya. Dada, jipya lilikuwepo. Bi Bashira anataka kufungua darasa hapo hapo kwenu Mkokotoni, wanawake wajifunze kofia za viua kwa mtindo wetu wa hapa na kazi yao ainunue yeye. Mwalimu awe mtu wa huko anayejulikana na watu. Aliniita akanitaka mimi. Ningekuwa nakaa nusu ya wiki Mkokotoni, na Ummy pamoja nami, badala ya kumwacha kwa jirani analia mlangoni. Na jina lako lingekuwa la mwanzo katika orodha ya wanafunzi.

Nikakataa.

Nilisema moyoni nitasimamaje mbele yenu? Wewe ndiye uliyenishika vidole ukanifundisha kutoboa kitundu cha kiua cha kwanza na kukizungushia uzi, ukanipiga kofi nilipouvuta uzi kikakunjana. Na Bi Mwanapili aliyenikata kitovu, nimwambie mshono wake umepinda, aufumue? Nikaona ni kukosa adabu. Lakini sasa nasema ukweli wote: haikuwa adabu. Ilikuwa woga. Niliogopa nikisimama mbele nitababaika, mtanicheka, mtasema huyu si yule aliyeacha shule. Nikautafutia woga wangu nguo nzuri ya kuvaa, nikaupa jina lako.

Maana Bi Bashira aliponiuliza sababu, nilimwambia ni wewe. Nilisema dada yangu amenikataza, amesema mdogo hasimami juu ya wakubwa zake. Wewe hukuwa na habari yoyote, siku hiyo ulikuwa kwenye jiko lako unakohoa. Bi Bashira akasikitika, akasema basi darasa atalipeleka Makunduchi, hataki kugombanisha ndugu. Jioni yake ukanipigia, ukaniuliza kuna jipya, nikasema hakuna. Ukanambia usihangaike mdogo wangu, Mungu yupo.

Neno lako hilo, dada, hunirudia kila nikitia uzi kwenye sindano.

Jana kabla ya mchezo nilishuka kwa Bi Bashira peke yangu. Nilimwambia kwamba dada yangu hakunikataza kitu, ni mimi niliyesema uwongo juu yake. Sikuweza kumtazama, nilitazama mikono yangu. Akasema anayestahili kuombwa radhi si yeye. Nikamuuliza kama darasa limeshakwenda Makunduchi. Akasema bado, anangoja kupata mwalimu. Nikasema mwalimu mimi.

Kwa hiyo na hili nalo lihesabu. Nimekubali kabla ya kukuuliza. Nimekutangulia. Nilitaka nikuandikie kwanza, ningoje jibu lako, lakini nikajijua: ningengoja mpaka pango lote lijae maiti.

Darasa litaanza Jumatatu baada ya hii inayokuja, kwenye ule ukumbi karibu na soko. Ukiwa umenikasirikia, na haki unayo, usije, nami nitajua. Jina lako nitaliacha la mwanzo, wala halitapewa mtu mwingine. Ukija, nakuomba ukae mbele, mahali nitakapokuona. Nikibabaika nikonyeze. Na ukiona mshono wangu mwenyewe umepinda, sema mbele ya watu wote, maana hata sasa mkono wako una umahiri kuliko wangu. Mimi ninachokuzidi ni mtindo huu mpya tu. Ukishaujua tutakuwa sawa, kisha utanipita, nami nitafurahi. Kofi moja nimekubali.

Na mchezo? Jana nilipanda daraja la pili. Yussuf alinipa dadu nirushe, nikaongezewa uhai na dawa. Bi Thuwaiba amekataa kuanza mtu mwingine. Anasema Jabali atalala pale pale pangoni mpaka mimi nifike la tatu nimrudishe. Jana alikuja na kahawa yake, akakaa pembeni, na kila nilipopata alama akaniuliza nimefika wapi, maana chini kule kuna baridi na mgongo unamuuma. Mwanzo nilidhani ananicheza shere. Kumbe ananiamini.

Nisalimie sana shemeji Ubwa na watoto, na Bi Mwanapili, na yeyote anayeniuliza. Ummy ameishika karatasi hii kabla sijaikunja, hilo doa la mafuta ni mkono wake, ni salamu zake kwa Mama Mkubwa. Msabah nimemwambia asiondoke mpaka umalize kusoma. Huna haja ya kuandika. Mpe neno moja tu aniletee, au mpe samaki, nitaelewa. Nipe radhi zako, dada.

Ni mimi mdogo wako, hata siku nitakayosimama mbele yako,

Mwanakheir