Nyumba ya Udongo, Wakwe wa Minago

Jumatatu, 7 Julai 2025

Ukuta wa mwisho wa ndani umekamilika! Matofali ya udongo uliochimbwa Gatete, yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini. Hakuna tanuru, hakuna kuni. Saa nane mchana barabara inachoma miguu, na mimi niko sebuleni peke yangu, shavu ukutani. Ubaridi mtamu. Upepo wa ziwa unaingia madirishani, joto linatoka kwa juu, kwenye matundu chini ya paa. Bila feni — na umeme wenyewe hapa Rumonge ni mgeni. Cikuru, fundi wetu, akachungulia mlangoni: "Arshitekti, unasali?" Nikamwambia, karibu nianze.

Ni nyumba ya mfano, niliyoisanifu mwenyewe. Jumanne ya wiki ijayo tume ya mradi inakuja kuikagua. Wakiipenda, watu wote waliofukuzwa na maji ya ziwa watajengewa hivi. Wasipoipenda — matofali ya kuchoma, na miti ya mlimani kwaheri. Kura ya mkaaji wa kwanza imemwangukia Shangazi Sikujua, dada ya baba. Kura ilipigwa mbele ya watu. Sikuigusa.

Jumatano, 9 Julai

Shangazi amehamia. Vitanda, kabati, sufuria zisizo na idadi. Binti yake Zainabu amechagua chumba chenye upepo zaidi na tayari anaulalamikia upepo.

Jioni, habari: Jumapili wakwe wanakuja kutoka Minago kumposa Zainabu. Mzee Djibril, baba wa kijana, anakamua mawese na anaishi kwenye ghorofa. Shangazi akautazama ukuta wangu kwa muda mrefu. Akauliza plasta inapakwa lini.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeeleza. Ukuta huu unapumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani, na plasta itabanduka vipande vipande. Nimechora hata mchoro, nyuma ya kalenda. Shangazi alinisikiliza huku akichambua mchele, kwa heshima kabisa, kama anavyomsikiliza mtu anayepita akiuza dawa za mizizi. Nikatoka uwani. Mifuko ya saruji! Ililetwa kwa baiskeli asubuhi. Cikuru anasema yeye anapaka pale anapoambiwa, tukubaliane kwanza sisi wenyewe, hataki kulaaniwa na mwanamke wa upande wowote.

Nikarudi ndani nikapandisha sauti. Kwamba tume inakuja kuona udongo, si poda ya kujipaka. Ndipo akasema, polepole, macho bado kwenye mchele:

"Kule kambini Tanzania nimezalia watoto ndani ya udongo. Sasa nimerudi kwetu. Wakwe nao wanikute ndani ya udongo?"

Miaka yote ya chuo, hakuna aliyenifundisha jibu la hilo. Nimetembea ufukweni mpaka jua likazama, nikijaribu kumkasirikia. Nimeshindwa.

Ijumaa, 11 Julai

Suluhu — na ni ya Zainabu! Tupambe. Mapazia ya harusi, dari mpaka sakafu, kuta zote nne. Saruji inabaki mifukoni, udongo hauonekani, Jumanne tunayashusha. Shangazi amekubali baada ya swala. Mimi nilikubali kabla Zainabu hajamaliza kusema. Majirani wanaleta vitambaa. Cikuru amesema murakoze, asante, mara tatu, akaenda kwake mbio.

Jumapili, 13 Julai

Naandika uwani, juu ya mfuko wa saruji, pilau inatokota mbele yangu. Wamekuja! Wengi kuliko tulivyoambiwa. Sebule ni pinki na dhahabu, kama ndani ya keki. Wamebanana mkekani, magoti kwa magoti.

Na mimi ni mjinga. Asubuhi nilipanda ngazi mwenyewe, nikafunga kamba, nikajisifu jinsi mapazia yalivyonyooka. Nimeziba matundu yote ya juu. Na madirisha. Mimi! Niliyemhubiria kila mtu habari za upepo!

Zainabu ametoka sebuleni kuvuta hewa, wanja umemteremka mpaka mashavuni. Anasema watu wanaiva kabla ya pilau. Mzee Djibril amevua kofia, amejipangusa shingo, ameuliza kwa adabu kama nyumba hii ina dirisha. Shangazi amejibu yapo, tena mengi.

Wanavyojipepea nawasikia mpaka huku. Natamani kuingia na kuyararua yote. Siwezi. Ukuta ni wangu, lakini aibu ni yake, na ameibeba muda mrefu kuliko nilivyoishi. Nageuza pilau isiyohitaji kugeuzwa.

Mlango wa uwani. Shangazi, jasho kwenye nyusi, mtandio umekaa sawa kabisa. Haniangalii.

"Arshitekti, kuja. Lete na kisu cha vitunguu. Hizi kamba umezikaza sana."