Vidonge Ndani ya Kanga

Morogoro, 9 Agosti 1996

Dada yangu Nyangi,

Huu ni mwaka wa ishirini na tatu tangu nitoke nyumbani kwetu Kehancha. Mahindi ya huku yamekauka, ila mimi ni mzima.

Binti yako Scovia ameniandikia kwamba vidonge vya tamoksifeni nilivyokutumia bado umevifunga kwenye kanga. Ulimwambia, "Nitavimeza mjomba wako akija. Nikipona kabla, hatakuja kamwe."

Daktari aliyekukata titi alikueleza: saratani yako inalishwa na homoni za mwili wako, na kidonge kinaizuia isile. Meza kimoja kila siku, hata usiposikia maumivu.

Nakusihi, anza leo. Kila Krismasi nilikuahidi kwamba nitarudi, nawe umeitundika roho yako kwenye ahadi hiyo.

Nyangi, sitarudi.

Kaka yako,
Maroa